Unakwenda Milonga kwa Mara ya Kwanza? Soma Hapa Kabla ya Kuvaa Viatu

Kila nikiweka picha ya viatu vyangu vya dansi, meseji huja zilezile. "Dada, niende na mtu au peke yangu?" "Nikikataliwa mbele za watu je?" "Kwani tango si ile ya kuuma ua mdomoni?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka. Leo nayamaliza yote hapa, na atakayeniuliza tena nitamtumia ukurasa huu.

Tuanze kwa kuondoa matango njiani. Tango ninayoisema si ya kachumbari, wala si ile ya mashindano ya kugeuza shingo kwa kishindo. Ni tango ya Argentina, iliyozaliwa Buenos Aires na Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, kwenye kingo mbili za mto wa Río de la Plata, mwishoni mwa karne ya 19. Haina hatua za kukariri kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho: mmoja anaongoza, mwenzake anafuata, na kila hatua inaamuliwa palepale. Hafla ya kuicheza huitwa milonga. (Milonga pia ni jina la mdundo mmoja wa haraka unaopigwa humo ndani, usije ukachanganyikiwa.) Neno lenyewe wengi hulihusisha na Kimbundu cha Angola, ambako milonga ni wingi wa mulonga, yaani maneno, kama kwetu mti na miti. Anayejua maana ya kulonga keshapata nusu ya somo.

Mimi ni mtoto wa Tanga ninayeishi Berlin na kucheza tango. Ndiyo, utani wa Tanga na tango nimeshausikia. Nimecheza hapa, na nimekwenda Buenos Aires kujionea adabu hizi zinakotoka. Huko huziita códigos. Zikionekana nyingi au za ajabu, shika jambo moja tu: karibu zote zimewekwa ili watu wasitiriane, yaani anayeomba asiaibike, anayekataa asilazimike kujieleza, na anayekosea apate pa kujificha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Masomo ya miezi kadhaa. Si lazima ujue mapambo. Lazima ujue kutembea na mwenzako bila kumkanyaga, kusimama, na kugeuka mahali padogo.
- Viatu vyenye soli ya ngozi au ya kitambaa laini kinachoteleza. Soli ya raba hung'ang'ania sakafu, na goti ndilo linalolipa. Visigino virefu si sharti.
- Leso, na shati au blauzi ya akiba. Anayetoka jasho sana achukue mbili. Wanaume wazoefu wa Buenos Aires hubadilisha shati katikati ya usiku na hakuna anayeshangaa.
- Pipi za mnanaa, au karafuu ya kutafuna. Uso wako utakuwa sentimita chache kutoka uso wa mtu. Kitunguu saumu ule kesho.
- Fedha taslimu za kiingilio na maji. Usitegemee kadi.
- Kipepeo cha mkono, ukiwa nacho.

Neno kwa watu wa pwani wenzangu: udi na asumini tunavipenda, lakini kwenye kumbatio la karibu harufu kali humganda mwenzako na kumfuata kwa usiku mzima, hata akicheza na wengine. Oga, paka dawa ya kwapa, uishie hapo.

Na kama kumkumbatia mtu usiyemjua hakukufai, kwa dini au kwa moyo wako tu, lijue hilo mapema. Kumbatio la wazi, lenye nafasi katikati, lipo. Wapo pia wanaocheza na mume au mke wao peke yake, wakaburudika. Hakuna atakayekuhoji.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali panapokufaa.

Kabla ya milonga, nenda praktika. Praktika ni mazoezi ya pamoja: unaruhusiwa kusimama katikati ya wimbo, kuuliza, kurudia, kucheka. Milonga si darasa.

Milonga nazo hazifanani. Buenos Aires, La Catedral huko Almagro watu huja hata na jinzi, na mgeni anajibanza bila shida. La Glorieta, kwenye bustani ya Barrancas de Belgrano, huchezwa nje, chini ya paa la banda la muziki, na wapita njia hutazama. El Beso ni ukumbi mdogo wa watu makini. Ukienda huko bila kujua adabu utajulikana ndani ya dakika tano. Sunderland, kwenye klabu ya michezo ya Villa Urquiza, ni uwanja wa mpira wa kikapu uliopangwa meza, na familia za mtaa hukaa wakala na kucheza. Popote ulipo, muulize mwalimu wako ipi ni ya wanaoanza.

2. Ingia taratibu, ukaketishwe.

Kwenye milonga za kizamani hujichagulii kiti. Simama mlangoni, mwenye hafla atakuja kukuonyesha pako. Huenda wanawake wakawekwa upande mmoja na wanaume upande wa pili wakitazamana. Mambo ya mpango huo utayaelewa kwenye hatua ya 4.

Mkienda mwanamume na mwanamke mkaketi meza moja, mtahesabiwa ni mtu na mkewe, na hakuna atakayewatupia jicho. Mkitaka kucheza na watu wengine, ingieni kila mmoja kivyake, mketi mbalimbali. Viatu badilisha msalani au pembeni, si mezani pa watu.

Salamu ya Buenos Aires ni busu moja la shavu, hata kwa mtu mnayeonana mara ya kwanza. Usirudi nyuma kwa mshtuko kama mimi.

3. Usicheze. Kaa, usikilize.

Angalau nusu saa ya kwanza. Muziki hupigwa kwa mafungu yanayoitwa tanda: nyimbo nne za tango, au tatu za valsi (tango ya mapigo matatu), au tatu za milonga, kwa kawaida za okestra moja. Mpangilio unaozoeleka ni tanda mbili za tango, moja ya valsi, mbili za tango, moja ya milonga, kisha mzunguko unaanza upya. Kati ya tanda na tanda hupigwa kipande kifupi cha muziki usiohusiana kabisa. Hicho ni kortina, maana yake pazia. Pazia likishuka, sakafu inabaki tupu.

Nyimbo nyingi utakazosikia zilirekodiwa kati ya miaka ya 1930 na 1950. Huhitaji kujua historia yote, ila jifunze kutambua okestra nne: Juan D'Arienzo anayekimbiza mapigo, Carlos Di Sarli aliye laini na mpana, Aníbal Troilo, na Osvaldo Pugliese ambaye kwa anayeanza ni mtego. Faida yake ni kwamba ukisikia sekunde kumi za mwanzo utajua kama wimbo huo ni wako au ni wa kunywea maji.

Ukiwa umekaa, tazama pia nani anacheza vizuri kwa upole. Usimtafute anayerusha miguu. Mtafute yule ambaye mwenzake amefumba macho.

4. Omba dansi kwa macho.

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo hapa nitakaa.

Huendi mezani kwa mtu kumwomba. Unamtazama. Kutazama huko ni mirada. Akikutazama nawe ukaona macho yamekutana, unatikisa kichwa kidogo au kukielekeza sakafuni, naye anajibu kwa kichwa. Hiyo ni kabeseo, kutokana na neno la Kihispania la kichwa. Mmekubaliana, na hakuna aliyesikia. Kama hataki, anageuza macho tu, na watu mia ukumbini hawajui kwamba umekataliwa. Pengine hata wewe huna hakika. Uzuri wake ni huo.

Sasa utaratibu wenyewe:

a) Subiri tanda ianze, utambue okestra. Kuomba dansi wakati wa kortina ni kununua mbuzi kwenye gunia.

b) Tafuta mtu mmoja. Mtazame kwa utulivu sekunde mbili tatu. Hakuangalii? Hamia kwingine, unaweza kurudi baadaye.

c) Macho yakikutana, tikisa kichwa. Si kukonyeza, na wala si kupunga mkono kama unasimamisha daladala.

d) Mkikubaliana, anayeongoza ndiye anayeinuka na kumwendea mwenzake, bila kumwachia macho njiani. Anayefuata anabaki ameketi mpaka mwenzake afike mbele yake kabisa.

Kipengele hicho cha mwisho nilikipuuza usiku wangu wa kwanza Buenos Aires. Mzee mmoja nadhifu alinitikisia kichwa kutoka upande wa pili. Nikainuka na kiuno changu, nikaanza kwenda. Nilipofika katikati nikamwona anapishana nami akielekea kwa mama aliyekuwa nyuma yangu. Sikusimama. Nilinyoosha moja kwa moja hadi msalani kana kwamba ndiko nilikokuwa nikienda tangu mwanzo, nikajifungia humo wimbo mzima. Kaa kitini, mwanangu. Aje yeye.

Wanawake wengi huniandikia wakidhani kazi yao ni kungoja. Hapana. Mirada ni ya pande zote, na bila jicho lako hakuna wa kukutikisia kichwa. Tatizo letu tuliolelewa Uswahilini ni kwamba tulifundishwa kuinamisha macho mbele ya wanaume na wakubwa. Mazoea hayo yalinikalisha kitini miezi mingi nikijiambia kwamba watu wananibagua, kumbe nilikuwa natazama zulia. Fanya mazoezi praktika: inua uso, pitisha macho ukumbini polepole, uyatue. Ukikunja uso na kuchezea simu, umefunga duka.

Kinyume chake pia ni kosa. Kumkodolea macho mtu mmoja tanda nzima, au kwenda kusimama mita moja mbele yake ili akose pa kutazama, ni kumlazimisha. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini hayo ni ya barabarani.

Siku hizi Berlin, na hata Buenos Aires, utaona wanawake wakiongoza na wanaume wakifuata, au watu wa jinsia moja wakicheza pamoja. Kabeseo haibadiliki.

5. Ingieni sakafuni kwa ruhusa.

Watu huzunguka ukumbi kinyume cha mshale wa saa, kama wanariadha uwanjani. Mzunguko huo ni ronda. Kabla hamjaingia, anayeongoza amtazame kiongozi anayekuja upande wao na kusubiri amkubalie kwa kichwa. Ni kama kuingiza gari barabara kuu: usijitupe. Ingieni kwenye kona, maana katikati ya mstari mnakata njia.

6. Kumbatianeni, mngoje kidogo.

Okestra imeanza, na hakuna anayecheza. Hilo humshangaza kila mgeni. Sekunde kumi, ishirini hivi, watu wanapiga soga sakafuni huku wimbo unaendelea, kisha kwa pamoja wanashikana na kuanza. Mtangulizi mmoja akianza mapema anaonekana kama mtoto aliyekimbilia sahani kabla ya bismillahi.

Anayefuata ndiye anayeamua ukaribu wa kumbatio. Akiacha nafasi, iheshimu. Mkianza kucheza, funga mdomo. Mazungumzo ni ya kati ya wimbo na wimbo: unatoka wapi, umekuja lini. Usimhoji kazi na mshahara.

7. Chezeni ndani ya ronda.

Kaa kwenye mstari wako. Usimpite aliye mbele, usirudi nyuma kwa hatua ndefu, usiache pengo la kupitisha lori wala usimpumulie mtu kisogoni. Visigino vibaki chini: teke la kurusha nyuma ulilofundishwa darasani liache darasani, ukumbi ukijaa linachana watu miguu. Nimeona damu.

Mkigongana, tazamaneni, inua kiganja kuomba radhi, endeleeni. Usianze kutafuta mwenye makosa.

Na usimfundishe mtu sakafuni. Narudia kwa wanaume hasa, kwa sababu nyinyi ndio wagonjwa wa maradhi haya: hata kama unajua zaidi, hata kama unataka kusaidia. Umemwomba dansi, hukumwomba awe mwanafunzi wako. Akiomba ushauri, mwambie mkutane praktika.

8. Malizeni tanda.

Mkianza pamoja mnamaliza pamoja, nyimbo zote tatu au nne. Kati ya nyimbo usiseme "gracias". Neno hilo lina maana ya asante, lakini sakafuni linamaanisha "nimemaliza, nirudishe". Nimemwona kijana mmoja mpole akishukuru kwa adabu baada ya wimbo wa kwanza, kisha akabaki mdomo wazi dada wa watu anaondoka.

Kortina ikilia, shukuruni, anayeongoza amsindikize mwenzake hadi kitini. Msibaki sakafuni mkiongea. Mnaziba macho ya wanaotafutana.

9. Zungusha dansi.

Tanda moja na mtu, kisha mwingine. Kucheza tanda mbili mfululizo na mtu yuleyule ni ishara, na ukumbi mzima utaisoma. Tanda ya pili baadaye usiku haina neno. Na usicheze na mabingwa tu. Wanaoanza leo ndio watakaokuwa wakikutazama au kukukwepa mwaka ujao, na kumbukumbu ya milonga ni ndefu.

Kukiwa na siku ya kuzaliwa, mhusika huitwa katikati, hupigwa valsi, na watu hupokezana kucheza naye vipande vifupi. Ingia nawe hata kama humjui. Ni njia nyepesi mno ya kuingia katika jumuiya.

10. Toka vizuri.

Wimbo wa kufungia ni "La Cumparsita", uliotungwa na Gerardo Matos Rodríguez, kijana wa Montevideo, na kupigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1917. Ukiusikia, usiku umekwisha. Muage mwenye hafla na DJ. Wenye hafla wengi huandaa milonga bila faida yoyote, na kuweka kiti mahali pake kunakumbukwa kuliko hatua zako.

Mambo yakienda kombo

*Saa mbili zimepita, sijacheza.* Kagua kwanza unapoketi: je, kuna nguzo, giza, au umekaa katikati ya marafiki mnaotazamana wenyewe? Hama. Nenda kasimame karibu na kaunta ya vinywaji. Kisha kagua uso wako. Na wakati mwingine ni usiku wa wengine tu. Mara ya tatu watu watakuwa wamekuzoea, kwa sababu hakuna anayependa kubahatisha kwa mgeni ambaye hajamwona akicheza. Ndiyo maana tanda yako ya kwanza ichezwe na mtu anayekujua.

*Mmeinuka wawili kwa kabeseo moja.* Aliyekosea acheke na kuketi, au apite kwenda msalani, njia ninaijua. Anayeongoza akiweza, amwahidi yule wa pili tanda ijayo na aitimize.

*Mtu amekuja mezani kukuomba kwa mdomo.* Pengine hajui utaratibu. "Asante, napumzika" yatosha. Lakini ukishasema hivyo, tanda hiyo usiicheze na mwingine. Utamwumbua.

*Mwenzako anakuumiza.* Sema mara moja, kwa upole: "Mgongo wangu, taratibu tafadhali." Hakujirekebisha? Maliza wimbo, sema gracias, rudi kitini.

*Mkono umekwenda usipopaswa.* Hapa hakuna kusitiri. Simama palepale, hata katikati ya wimbo, ondoka, na umwambie mwenye hafla. Adabu ya kumaliza tanda haimlindi mtu wa namna hiyo, na jumuiya inayokwambia "ndivyo alivyo huyo, mzoee" tafuta nyingine.

*Mwenzako ameanza kukufundisha.* Tabasamu, sema "leo nataka kusikiliza muziki tu." Akiendelea, kesho usikutane na macho yake.

*Umepotea mapigo.* Simama. Kweli, simama tu, mkiwa mmekumbatiana, vuta pumzi, subiri sentensi mpya ya muziki ianze. Kwa wanaotazama itaonekana ni ufundi.

*Umealikwa kahawa.* Kwa wazoefu wa Buenos Aires, kahawa baada ya milonga si kahawa tu. Mgeni hukubali kwa moyo mweupe, kisha hushangaa mwenzake anatafuta teksi badala ya mkahawa. Unataka? Nenda. Hutaki? Sema kesho unaamka mapema. Ataelewa, na wiki ijayo atakutikisia kichwa kama kawaida.